Enoch Sontonga, Mwalimu wa Kwaya

Tunapomshukuru Mungu kwa jubilii ya kwaya yetu, tumeona vyema tumkumbuke mwalimu wa kwaya aliyetutangulia, ambaye wimbo wake wengi wetu tunaujua ingawa jina lake hatulijui. Ni Enoch Mankayi Sontonga wa Afrika Kusini, mtunzi wa Nkosi Sikelel' iAfrika, ambao majirani zetu Watanzania huuimba kama Mungu Ibariki Afrika.

Alizaliwa Uitenhage karibu mwaka 1873, katika jamii ya Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti pale Nancefield, karibu na Johannesburg. Mji huo ulikuwa umekua kwa sababu ya dhahabu, na Waafrika waliofuata kazi huko waliishi kwa taabu nyingi. Sontonga alifundisha, akaongoza kwaya, na pia alikuwa mpiga picha. Alimwoa Diana Mgqibisa, binti wa mchungaji, wakajaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Nyimbo zake aliziandika kwa mkono katika daftari, ili wanafunzi wake waimbe. Nyingi zilikuwa za huzuni, kwa maana aliyaona mateso ya watu wake. Mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 24 hivi, alitunga ubeti mmoja na kiitikio, akimwomba Mungu aibariki Afrika. Wimbo huo uliimbwa hadharani mwaka 1899, katika ibada ya kumwekea mikono mchungaji wa Kimethodisti, Boweni.

Sontonga aliugua tumbo akafariki mwaka 1905, akiwa bado kijana wa miaka thelathini na kitu. Baada ya mazishi, kwaya ziliendelea kufika kwa mjane wake kuazima nyimbo. Daftari lenyewe liliazimwa na mtu wa jamaa, na halikurudi tena. Nyimbo nyingi alizozitunga zikapotea nalo.

Lakini ule mmoja haukufa. Mnamo Januari 1912 uliimbwa Bloemfontein, katika mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliurekodi huko London. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti saba. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ulikuwa wimbo wa taifa kwa maneno ya Kiswahili, na tangu 1997 umo katika wimbo wa taifa wa Afrika Kusini.

Wimbo ulienea hivyo, huku kaburi la mtunzi likiwa halijulikani. Waliolitafuta walipekua kumbukumbu za makaburi ya Johannesburg wasimwone Sontonga yeyote. Mwishowe, mapema miaka ya 1990, alipatikana Braamfontein, katika sehemu waliyotengewa Wakristo Waafrika. Kumbe kitabuni alikuwa ameandikwa kwa jina la ubatizo tu: Enoch. Jina la ukoo halikuandikwa. Tarehe 24 Septemba 1996, Rais Nelson Mandela alizindua ukumbusho wake hapo, na kaburi likatangazwa kuwa urithi wa taifa.

Habari hii imetugusa, kwa sababu sisi nasi tulipokuwa tukiandaa kijitabu hiki tulikutana na jambo kama hilo. Katika vitabu vya zamani vya kwaya yetu, baadhi ya waliotutangulia wameandikwa kwa jina moja la ubatizo, na wengine kwa jina la mtoto wao. Wazee wetu wametusaidia kuwatambua wachache. Waliobaki, Mungu anawajua. Sisi hatuwezi kuwaambia wajukuu wao kwamba babu au nyanya yao aliimba hapa.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kila mwanakwaya, wa zamani na wa sasa, aandike majina yake yote, sauti anayoimba, na mwaka aliojiunga. Na yeyote aliye na daftari la nyimbo la kwaya nyumbani, hata kama kurasa zimechakaa, alilete tulinakili. Tusingoje mpaka mwenye wimbo aondoke ndipo tuanze kumtafuta.

Mungu aibariki kwaya yetu, na azikumbuke sauti zote zilizoimba kabla yetu. Amina.