Mwana Kupona, mjane wa Siyu

Sisi wa Kamina, wenye Kiluba nyumbani na Kiswahili cha Katanga sokoni, Kiamu kinatupa taabu. Mara ya kwanza niliusoma Utendi wa Mwana Kupona kwa ajili ya mtihani tu, nikauelewa kama wenzangu: mama anamfunza binti kumtii mume. Mara ya pili niliangalia tarehe.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyekataa kumwinamia Sayyid Said wa Unguja na ambaye watu wake walilishinda jeshi la Sultani miaka ya 1840. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Utenzi ukatungwa 1858. Miaka miwili tu! Mjane alikuwa na binti, Mwana Hashima, wa miaka kama 17, na mwana wa kiume mdogo, Muhammad. Mwenyewe, anavyoeleza, alikuwa mgonjwa mwaka mzima.

Basi mafunzo yale yanasomeka vingine. Anaposema mume aliyelala apepewe, na asiamshwe, hatungi kanuni, anakumbuka. Na mahali fulani anaacha kabisa kufunza: anasimulia jinsi yeye na baba yao walivyoishi kwa furaha na vicheko bila kuvunjiana heshima, jinsi mume alipofikwa na mauti alivyorudia kusema yu radhi naye, na kwamba tangu hapo hajanyamaza kulia. Kisha anawaombea wanawe kwa Mungu, kama mtu anayewakabidhi kwa mlezi mwingine.

Sikubali kila analofunza. Kwamba pepo ya mke iwe mikononi mwa mume, hilo nalikataa, na darasani tuligombana sana juu yake. Lakini mama yangu alibaki mjane nikiwa na miaka tisa, nasi tuko wanne. Mchana aliuza unga, usiku alilia akidhani tumelala. Habari za baba hakutusimulia hata moja, nasi hatukuthubutu kuuliza. Mwana Kupona alimwambia bintiye yote mawili, kilio na vicheko.

Alifariki katika miaka ya 1860. Mwana Hashima aliishi hadi karne ya 20, bibi kizee, na beti 102 za mama yake zilikuwa zikinakiliwa na kusomwa Lamu nzima.