Jumba la Dunga na jiwe linalolia ukutani

 

Huenda umewahi kulala katika nyumba ambayo majirani wanasema ina wenyewe. Sufuria zinaanguka jikoni wala hakuna paka. Mlango uliotiwa komeo jioni unakutwa wazi alfajiri. Darini kunasikika hatua za mtu. Kukikucha habari zimeenea mtaa mzima, na kabla jua halijazama mchungaji ameshaitwa aje na mafuta. Leo nataka nikupeleke kwenye nyumba iliyosifika kwa mambo ya namna hiyo kisiwani Unguja, nikusimulie habari za mwenye nyumba.

Ukitoka Mji Mkongwe ukashika njia ya kwenda Chwaka, kabla ya kufika pwani ya mashariki utapita Dunga. Hapo yamebaki magofu ya jumba la mawe na chokaa. Lilikuwa makao ya Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmad, mtawala wa wenyeji wa Unguja, hasa Wahadimu.

Mwinyi Mkuu ni cheo, na kilikuwa cha zamani kuliko usultani tunaousoma sana vitabuni. Wazee wake waliwahi kukaa ufukweni, hapo hapo ulipo Mji Mkongwe wa leo. Kisha nyakati zikabadilika. Sayyid Said wa Oman alihamishia makao yake Unguja, na merikebu, forodha na mashamba ya karafuu yakawa chini ya mkono wake. Mwinyi Mkuu hakuondolewa. Aliachiwa heshima yake na watu wake wa shamba, akawa anakusanya kodi kwao. Lakini kila mtu alijua nguvu iko kwa nani.

Jaribu kujiweka mahali pake. Wewe ni mrithi wa wafalme, wazee wanakuinamia, na papo hapo mjini kuna bwana mwingine mwenye mizinga. Mtu wa namna hiyo hutaka alama ya kuonyesha kwamba bado yupo. Muhammad akajenga. Alianza mwaka 1846, na kazi ikaisha 1856, mwaka ule ule Sayyid Said alipofariki safarini baharini. Miaka kumi kwa nyumba moja! Humo zilitunzwa alama za enzi yake, yaani siwa na ngoma zilizochongwa, ambazo baadaye zilihifadhiwa katika makumbusho mjini.

Na hapa ndipo masimulizi yanapoanza. Watu walisema ngoma zile hujipiga zenyewe, bila mkono wa mtu, balaa linapokaribia. Walisema pia jambo zito zaidi: kwamba wakati wa ujenzi watumwa waliuawa na damu yao ikachanganywa na chokaa, ili kuta ziwe imara na nyumba iwe na bahati. Jumba likapata sifa ya kuwa na mizimu, na watu wakaogopa kulikaribia usiku.

Bahati yenyewe haikuonekana. Muhammad alifariki mwaka 1865, hata miaka kumi haijatimia tangu nyumba ikamilike. Mwanawe Ahmed akashika nafasi yake, naye akafariki mwaka 1873 bila kuacha mrithi wa kiume. Cheo cha Mwinyi Mkuu kikakoma hapo. Jumba likachakaa, sehemu zake zikabomoka. Inaelezwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 20, sehemu moja ilipovunjwa, kilikutwa kisima kilichoporomoka, na ndani yake mifupa mingi ya watu.

Sasa, mpendwa, sikuombi uamini kila neno. Hadithi hukua njiani, na marehemu hana nafasi ya kujitetea. Pengine ngoma zile hazikuwahi kulia hata siku moja. Ninachokuomba ni ujiulize kwa nini watu wa Unguja walisimulia habari hizi juu ya nyumba hii.

Katika Unguja ya miaka ile kazi nzito ilikuwa juu ya mabega ya watumwa. Walipanda karafuu, walibeba mizigo, walibeba mawe. Mtumwa hakuwa na hakimu wa kumpelekea mashtaka dhidi ya bwana wake. Hata kama hakuna tone la damu lililoingia katika chokaa ile, jasho lisilolipwa liliingia katika majumba mengi ya kisiwa kile, na watu walijua. Kinywa cha mnyonge kilipofungwa, walisimulia kuta zikisema. Nabii Habakuki aliliona jambo hilo zamani sana, alipomwonya anayeijenga nyumba yake kwa mapato ya dhuluma kwamba jiwe litalia kutoka ukutani na boriti itaitikia. Hata damu ya Habili haikunyamaza ardhini.

Sasa turudi mjini, Mkunazini. Mwaka ule ule wa 1873 alipofariki Mwinyi Mkuu wa mwisho, soko la watumwa la Unguja lilifungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wake, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu. Kama kuna ardhi iliyostahili kuogopwa usiku, ni ile. Lakini waliojenga hawakuyafukia yaliyotendeka. Mahali paliposimama mti wa kuchapia watumwa viboko, ndipo palipowekwa madhabahu, na alama yake iko sakafuni hadi leo. Watu huja, huona, hulia, huomba.

Tusijisifu hapo mbele ya jirani zetu wa imani nyingine. Mataifa yaliyojiita ya Kikristo yalisafirisha watumwa kwa mamilioni kuvuka Atlantiki, na wengine walitoka kwenye bandari hizi hizi zetu. Toba ilituhusu sisi kwanza.

Kwa hiyo nakusihi, kabla hujamwita mchungaji aje kukemea, keti na mwenzako mezani muulizane. Kiwanja hiki tulikipataje? Je, kuna mjane aliyesukumwa pembeni, au yatima ambaye mirathi yake imo katika matofali haya? Fundi aliyepaua tulimmalizia hela yake? Na dada wa kazi, anayelala wa mwisho na kuamka wa kwanza, ana miezi mingapi hajapokea mshahara? Huenda kishindo cha usiku ni panya tu. Lakini dada yule akilia chini ya shuka, kilio chake kinafika juu.

Sidharau maombi. Ombea nyumba yako, chumba kwa chumba. Ila mkumbuke Zakayo. Siku Bwana Yesu alipoingia kwake, mtoza ushuru yule alisimama akataja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Ndipo Bwana akatamka kwamba wokovu umefika katika nyumba ile.

Juma hili chukua kalamu na karatasi. Andika majina ya unaowadai, kisha upande wa pili, polepole zaidi, andika ya wanaokudai. Anza na yule asiye na pa kukushtaki.

Ee Mungu, ingia katika nyumba zetu. Tupe ujasiri wa kusikia kuta zinasema nini, na mikono ya kurudisha kisicho chetu. Amina.

Jumapili njema.