A. J. Cook, mtetezi wa ujira wa wachimba makaa

ARTHUR James Cook, aliyewaongoza wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza katika mgogoro wa mwaka 1926, alianza kazi shambani. Alizaliwa Novemba 22, 1883 katika kijiji cha Wookey, Somerset, akafanya kibarua cha shamba tangu utotoni, kisha akahamia bonde la Rhondda, Wales, kutafuta kazi ya mgodini. Siku yake ya kwanza huko, mwenzake aliangukiwa na mwamba akafa.

Alikuwa mhubiri wa Kibaptisti kabla ya kuingia katika harakati za wafanyakazi, zilizomfikisha jela mara mbili. Mwaka 1924 alichaguliwa katibu wa shirikisho la wachimbaji.

Sekta hiyo, yenye wafanyakazi zaidi ya milioni moja, ilikuwa ikiyumba. Mwaka 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yaliikalia Ruhr, makaa ya Ujerumani yakaadimika na ya Uingereza yakapata soko. Ruhr iliporejea sokoni, bei ikaporomoka. Aprili 1925 Waziri wa Fedha, Winston Churchill, akairudisha paundi kwenye dhahabu kwa kiwango cha kabla ya vita, dola 4.86. Mchumi John Maynard Keynes alikadiria kuwa paundi ilizidi thamani yake kwa takriban asilimia 10. Mkulima wa kahawa au pamba anaijua hesabu hiyo: shilingi ikipanda, malipo yake hupungua. Wamiliki wa migodi walitaka pengo hilo lizibwe kwa kupunguza ujira.

Hoja ya Cook ilikuwa ya jikoni. Bei zilikuwa zimeshuka tangu 1920, lakini mwaka 1925 gharama za maisha bado ziliizidi 1914 kwa takriban robo tatu. Ujira ungekatwa leo. Unafuu dukani ungesubiriwa.

Serikali ilitoa ruzuku ya miezi tisa. Ilipokwisha, Mei 1926, wachimbaji waliokataa masharti mapya walifungiwa nje ya migodi. Mgomo mkuu wa kuwaunga mkono ulidumu siku tisa tu, lakini wao walishikilia hadi Novemba, njaa ikawarudisha kwa ujira mdogo na, sehemu nyingi, saa nane badala ya saba. Cook hulaumiwa, na si bila sababu, kwa kukataa kila punguzo hadi akiba ya chama ikaisha. Lakini saa za ziada nazo ziliongeza makaa yasiyo na mnunuzi. Kufikia 1933 walibaki wachimbaji takriban 800,000.

Cook alikatwa mguu Januari 1931, akafariki kwa saratani Novemba 2 akiwa na miaka 47, wiki sita baada ya Uingereza kuiacha dhahabu.