Mt. Yohane Baptista de La Salle: Padre Aliyewafundisha Walimu



Tukiwataja watakatifu waliohudumia watoto maskini, wengi tunawaza chakula, nguo na dawa. Leo nakuletea mmoja aliyeona umaskini wa aina nyingine: mtoto ameketi darasani, mwalimu yupo mbele yake, lakini hakuna anachojifunza, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakuna aliyewahi kumfundisha kazi yake.

Yohane Baptista de La Salle alizaliwa Reims, Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651. Kwao walikuwa na uwezo, na yeye ndiye mtoto wa kwanza. Mwaka 1667, akiwa bado kijana mdogo kabisa, alifanywa kanoni wa kanisa kuu la Reims. Ilikuwa heshima kubwa, na ilikuwa na kipato chake. Akaenda Paris kusomea upadre, lakini mama yake akafariki mwaka 1671, na baba yake akafuata mwaka 1672. Ikabidi arudi nyumbani kulea wadogo zake. Hakuacha wito wake, na tarehe 9 Aprili 1678 akapewa daraja ya upadre.

Hadi hapo, hakuwa amewaza kuanzisha shule mwenyewe. Mwaka 1679 akakutana na Adrien Nyel, mlei aliyefika Reims kuanzisha shule za bure kwa wavulana maskini. Padre de La Salle akamsaidia kutafuta mahali pa kuanzia, akidhani kazi yake itaishia hapo.

Haikuishia. Nyel alikuwa hodari wa kufungua shule, akimaliza hii anakimbilia nyingine. Walimu walibaki peke yao. Walikuwa vijana wenye elimu ndogo, malipo madogo, na hakuna aliyewaonyesha jinsi ya kuliongoza darasa. Kila mmoja alifundisha kivyake. Majengo yalikuwepo, watoto walikuwepo, lakini ndani mambo yalikuwa vurugu.

Padre akaanza kidogo kidogo. Kwanza aliwapangia nyumba karibu na kwake. Kisha akawakaribisha mezani wale naye. Halafu, tarehe 24 Juni 1681, akawaingiza kuishi nyumbani kwake. Hebu fikiria, kijana: baadaye alikiri mwenyewe kwamba mwanzoni aliwaona walimu wale kuwa chini hata ya mtumishi wake wa nyumbani, na kwamba angejua mapema mambo yatafika wapi, asingeanza. Ndugu zake nao walikasirika. Waliona aibu, mtu wa ukoo wao kukaa meza moja na watu wa namna ile. Wakawaondoa wadogo zake pale nyumbani. Mwaka 1682 naye akahama, akaenda kukaa na walimu wake katika nyumba ya kupanga.

Pale ndipo mwalimu wa walimu alipofundishwa naye. Vijana wale walikuwa na hofu ya kesho: shule zikifungwa, watakula nini? Padre akawaambia wamtumainie Mungu. Wakamjibu wazi kwamba kwake ni rahisi kusema hivyo, kwa kuwa ana mali ya urithi na kipato cha ukanoni, ila wao hawana kitu. Maneno yale yalimchoma. Hakubishana nao. Mwaka 1683 aliacha ukanoni, tena hakumwachia ndugu yake bali padre maskini. Njaa ilipoingia mwaka uliofuata, mali yake akaigawa kwa wenye njaa. Tangu hapo, walimu waliposikia neno tumaini kutoka kwake, walijua hana pa kuegemea kuwazidi wao.

Kutokana na kundi lile wakazaliwa Mabruda wa Shule za Kikristo. Wakayabadilisha mambo darasani. Badala ya mwalimu kumwita mtoto mmoja mmoja huku wengine wakizubaa, watoto walipangwa kwa viwango na kufundishwa pamoja. Badala ya kuanza kusoma kwa Kilatini, walianza na Kifaransa, lugha waliyoizungumza nyumbani. Ada haikuwepo kwa yeyote.

Lakini nataka tutazame zaidi jinsi mwalimu mwenyewe alivyoandaliwa. Mabruda waliishi pamoja, kwa hiyo walizungumzia kazi yao, wakajaribu njia mbalimbali, na zilizofaa wakaziandika. Hivyo kilipatikana kitabu cha uongozi wa shule, kilichochapishwa mwaka 1720. Hakikutungwa na mtu mmoja aliyejifungia chumbani. Kilitoka katika uzoefu wa miaka mingi darasani. Walieleza pia jinsi ya kumlea mwalimu mpya: aondolewe tabia ya kusema ovyo, ukali, upendeleo na uvivu, ajengewe umakini, busara na bidii. Kulikuwa na mtu wa kumsimamia, kumwona akifundisha na kumrekebisha. Yaani mwalimu mpya hakutupwa darasani tu, atajua mwenyewe.

Padre de La Salle aliwakumbuka hata walimu wa vijijini wasio mabruda. Aliwafungulia nyumba ya mafunzo Reims, kati ya zile za mwanzo kabisa za aina hiyo Ulaya. Alijaribu tena Paris. Nyumba hizo hazikudumu. Zilifungwa moja baada ya nyingine. Jaribio lingine la kupata nyumba ya namna hiyo likamfikisha mahakamani, na mwaka 1712 akahukumiwa. Wakati huo alikuwa kusini mwa Ufaransa, amevunjika moyo, akidhani pengine yeye ndiye kikwazo cha kazi ya Mungu.

Mwaka 1714 barua ikamfikia. Mabruda walimwamuru, kwa utii aliowaahidi, arudi kuwaongoza. Tafakari hapo: walimu aliowahi kuwaona chini ya mtumishi wake sasa wanamwamuru, naye akatii. Akarudi Paris. Mwaka 1717 wakamchagua Bruda Barthélemy kuwa mkuu, na yeye akaishi chini yake kama mmoja wao. Alifariki Rouen siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Mwaka 1900 alitangazwa mtakatifu, na mwaka 1950 Papa Pius XII alimweka kuwa msimamizi wa walimu wote.

Mpendwa, huenda wewe ni mwalimu mpya, katekista, au unafundisha watoto Jumapili parokiani. Kuwa na moyo mzuri ni mwanzo tu. Omba mwenzako akae nyuma ya darasa akuangalie, kisha akuambie ukweli. Na kama wewe ndiye mzoefu, usimcheke mgeni anayehangaika. Kaa naye, kula naye, mwonyeshe. Kisha mpe naye nafasi ya kukurekebisha.

Tuombe: Ee Mungu, uliyemfundisha mtumishi wako Yohane Baptista kupitia wale aliowafundisha, uwape walimu wetu watu wa kuwasindikiza, na sisi utupe masikio ya kujifunza. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle, utuombee!