Kardinali Rugambwa: Mtoto wa Kamachumu

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, Kamachumu, magharibi mwa Ziwa Victoria, katika familia ambayo bado haikuwa ya Kikristo. Alibatizwa mwaka 1921 pamoja na wazazi wake. Alisoma Seminari ndogo ya Rubya, kisha Seminari kuu ya Katigondo, Uganda, akapewa daraja ya upadre tarehe 12 Desemba 1943. Baadaye alisomea sheria za Kanisa mjini Roma.

Mwaka 1952 aliwekwa wakfu kuwa askofu, na mwaka uliofuata eneo lake likawa Jimbo la Rutabo. Lilikuwa jimbo dogo la vijijini. Hata hivyo, ni huko Papa Yohane XXIII alikomwona na kumteua kardinali, Machi 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza wa nyakati zetu. Tanganyika ilikuwa haijapata uhuru. Waliotilia shaka uwezo wa mapadre wazalendo kuliongoza Kanisa walipata jibu. Mwaka huohuo akawa Askofu wa Bukoba, jimbo ambalo leo liko katika Kanda ya Mwanza, kisha akashiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Kuanzia mwishoni mwa 1968 hadi 1992 alikuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, akazikwa kwa muda Kashozi. Mwaka 2012, miaka mia moja tangu azaliwe, masalia yake yalihamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Mseminari anayepita hapo asimame kidogo: naye Kardinali alianzia katika darasa la Rubya.