Vincent van Gogh, Mchoraji wa Wakulima

Uholanzi ni nchi ndogo ya Ulaya, jirani ya Ubelgiji. Huko, katika kijiji cha Zundert, alizaliwa Vincent van Gogh tarehe 30 Machi 1853. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti. Vincent alikuwa mkubwa wa ndugu sita. Katika wadogo zake, aliyempenda zaidi aliitwa Theo.

Vincent hakuanza mapema kazi ya kuchora. Alipokuwa na miaka 16 aliwekwa katika duka la kuuzia picha, lakini kazi ile haikumfaa, na mwaka 1876 akaachishwa. Mwisho wa mwaka 1878 alikwenda Borinage, katika Ubelgiji, kufundisha Injili kwa wachimbaji wa makaa ya mawe. Alipoona umaskini wao aliwagawia nguo zake, akalala juu ya majani makavu kama maskini wa mwisho. Wakubwa wake waliona amepita kiasi, wakamwondoa. Basi mwaka 1880, akiwa na miaka 27, aliazimu kuwa mchoraji. Wengine wangeweza kucheka. Mtu mzima aanze kujifunza kushika kalamu kama mtoto wa darasa la kwanza?

Desemba 1883 alirudi kwa wazazi wake, ambao wakati ule walikaa katika kijiji cha Nuenen. Hakuwa na mke, wala mali. Theo, aliyefanya kazi ya kuuza picha Paris, alimtumia fedha kila mwezi apate kununua rangi. Watu wa Nuenen walikuwa wakulima na wafumaji wa nguo. Vincent aliwachora kwanza wafumaji, wakiwa wameketi ndani ya mitambo yao mikubwa ya miti.

Kisha ikaja baridi ya mwaka 1884. Hapa Kindu mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Huko Uholanzi sivyo. Mwezi wa Desemba jua hukaa angani saa nane tu, kisha giza hushika nchi kwa saa kumi na sita. Miti mingi hupukutisha majani yote. Udongo huwa mgumu kama jiwe, na jembe haliingii. Wakulima hukaa nyumbani karibu na moto.

Wengine waliona wakati ule ni wa kungoja tu. Vincent aliona ni wakati wa kufanya kazi, kwa maana watu waliokuwa mashambani siku zote sasa walikuwa na nafasi ya kuketi mbele yake. Aliazimu kuchora vichwa hamsini vya wakulima. Alivaa nguo nzito kama zao, akabeba rangi zake, akaingia katika vibanda vyao vyenye moshi. Yeyote aliyekubali kuchorwa alipewa fedha kidogo. Mchana ulikuwa mfupi, kwa hiyo ilimpasa kuchora upesi; na jua liliposhuka, aliendelea kwa mwanga wa taa.

Wachoraji wengi walipenda kuchora matajiri waliovaa hariri. Vincent alichora mama mzee mwenye kitambaa cheupe kichwani, na mwanaume aliyekunjamana uso kwa jua na upepo. Hakuwapamba. Kama mashavu yalikuwa yamebonyea, aliyachora yamebonyea. Alitumia rangi za udongo, nyeusi na kahawia, kama kiazi kinapotoka shambani. Kabla baridi haijaisha alikuwa amekwisha kuchora vichwa vingi sana.

Tarehe 26 Machi 1885 msiba uliingia nyumbani. Baba yake alikuwa anarudi kutoka matembezini, akaanguka mlangoni, akafa. Mara nyingi baba na mwana walikuwa wamegombana, na sasa hapakuwa tena nafasi ya kupatana. Vincent akarudi kwenye kazi yake.

Mwezi wa Aprili alianza picha moja kubwa. Watu watano wa jamaa moja, jamaa ya De Groot, wameketi mezani usiku, chini ya taa moja. Wanakula viazi kutoka sahani moja, na mama anamimina kahawa. Vidole vyao ni vigumu, vimepinda kwa kazi. Vincent alitaka kila atazamaye picha ile afahamu jambo moja: mikono inayochukua viazi ndiyo mikono iliyovichimba. Watu hawa wamekula jasho lao kwa haki. Mtoto wa Maniema, ambaye mama yake hulima muhogo na kutwanga sombe, atafahamu neno hili bila mwalimu.

Lakini picha ile haikusifiwa. Rafiki yake Anthon van Rappard, mchoraji pia, alipoona nakala yake, alimwandikia barua kali kwamba kazi ni mbovu. Vincent aliumia, akamrudishia barua yake. Theo mwenyewe hakuweza kumpata mtu wa kuinunua. Mwaka uleule maneno mabaya yakaenea kijijini juu ya Vincent, na paroko akawakataza Wakristo wake wasikubali tena kuchorwa. Novemba 1885 akaondoka Nuenen, wala hakurudi tena kukaa Uholanzi.

Baadaye, katika Ufaransa, alijifunza kutumia rangi za kung'aa, akachora alizeti na mashamba ya ngano. Lakini akili yake iliugua mara kwa mara. Alikufa Auvers tarehe 29 Julai 1890, na umri wake miaka 37. Miezi sita baadaye Theo naye akafa. Mke wa Theo, Johanna, ndiye aliyezitunza picha na kuzionyesha kwa watu.

Katika maisha yake Vincent aliuza picha chache sana. Moja ilinunuliwa na mchoraji Mbelgiji, Anna Boch, kwa faranga 400. Leo ile picha ya wala viazi imo katika nyumba ya makumbusho Amsterdam, na watu wa nchi zote huenda kuitazama. Wafalme wengi wa zamani wamesahauliwa nyuso zao. Nyuso za wakulima wale wa Nuenen, ambazo hakuna aliyezitaka, hazijasahauliwa, kwa sababu mtu mmoja alikubali kuketi nao wakati wa baridi na kuwatazama vema.

Maswali

1. Kwa nini wakulima wa Nuenen walikuwa na nafasi wakati wa baridi?
2. Theo alimsaidia ndugu yake kwa njia gani?
3. Kwa nini Vincent hakuwapamba watu aliowachora?
4. Mikono ya watu wa nyumbani kwenu yaonyesha kazi gani?