Herman Hollerith: Mfalme wa mashine za takwimu aliyeponzwa na bei
Karani wa sensa aliyepita Mlandege, Iringa, Agosti 2022, alijaza majibu kwenye kishikwambi. Safari ya kuhesabu watu kwa mashine ilianzia kwa Mmarekani mmoja, Herman Hollerith.

Alizaliwa 1860 mjini Buffalo, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ujerumani. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye sensa ya 1880. Hesabu zilifanywa kwa mkono, zikachukua miaka kibao kukamilika.

Hollerith akaja na kadi za kutoboa. Kila tundu lilikuwa jibu, na mashine ya umeme ilihesabu matundu hayo.

Mwaka 1889 serikali ilishindanisha njia tatu. Kazi ya kujumlisha takwimu, Hollerith aliimaliza kwa saa 5 na nusu. Wenzake walitumia saa 44 na nusu na 55 na nusu. Tenda akaibeba yeye, na sensa ya 1890 ikahesabu watu zaidi ya milioni 62.

Mashine hakuuza, alikodisha. Mwaka 1896 akafungua kampuni, na sensa ya 1900 nayo ikawa yake.

Shida ikaanzia kwenye bei. Mkurugenzi mpya wa sensa, Simon North, aliona ofisi yake inakamuliwa, akataka punguzo. Hollerith akakaza. Mwaka 1905 mashine zake zikaondolewa.

Ofisi ya sensa ikaamua kutengeneza za kwake na kumwajiri fundi James Powers. Sensa ya 1910 ikatumia mashine za Powers, ambaye 1911 alifungua kampuni yake. Hollerith alikwenda mahakamani, hakufanikiwa. Mteja wake mkubwa ndiye aliyemzalishia mpinzani.

Mwaka huohuo wa 1911 Hollerith aliuza kampuni. Iliunganishwa na nyingine, na 1924 ikapewa jina la IBM. Alifariki Novemba 17, 1929, mjini Washington.

Ushindani haukufa naye. Uingereza, kampuni iliyotumia hataza zake na ile ya mashine za Powers zilinyang'anyana wateja kwa miongo kadhaa, hadi 1959 zilipoungana na kuitwa ICT.

Kompyuta ya kwanza Tanzania, iliyofungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ICT 1500. Mahasimu wawili waliingia nchini kwa jina moja.